Jaji Warioba: Wakili wa Serikali kutoka Bunda aliyeketi katika mahakama za mataifa

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Watanzania wengi wanapomtaja Mheshimiwa Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda mkoani Mara, hutanguliza neno “Jaji”. Wamezoea kufanya hivyo ingawa amewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Waziri wa Sheria na Waziri Mkuu. Jambo ambalo halifahamiki sana ni kwamba cheo hicho hakukipata katika Mahakama Kuu ya Tanzania wala Mahakama ya Rufani. Alikuwa jaji katika mahakama mbili zilizoundwa na mataifa: Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyopo Hamburg, Ujerumani, na Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha.

Safari hiyo inaibua swali ambalo wananchi huliuliza wanapoona mwanasheria wa Serikali akiteuliwa kuwa jaji. Je, mtu aliyeitetea Serikali kwa miaka mingi anawezaje kukaa kitini na kuamua kwa haki shauri ambalo Serikali ni mmoja wa wadaawa? Makala haya yanaeleza safari hiyo, pamoja na kanuni zilizowekwa ili jibu la swali hilo lisitegemee hulka ya mtu peke yake.

Warioba alizaliwa Septemba 3, 1940. Alihitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1966, wakati chuo hicho kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kitivo chake cha sheria, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilisomesha vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda katika darasa moja. Mwaka huohuo wa 1966 aliajiriwa kuwa Wakili wa Serikali.

Wakati huo mashtaka ya jinai yalikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mawakili wa Serikali walisimamia mashauri katika Mahakama Kuu, huku katika mahakama za chini mashtaka yakiendeshwa kwa sehemu kubwa na maofisa wa Polisi. Leo utaratibu umebadilika. Kufuatia mabadiliko ya mwaka 2018, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, inayoongozwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, ni taasisi inayojitegemea. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali nazo zina majukumu yao. Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Kwa maneno mengine, tangu hatua ya mashtaka, kazi ya mwendesha mashtaka haipimwi kwa idadi ya watu waliofungwa.

Baada ya miaka miwili Warioba alihamia Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam akiwa mwanasheria wake, kisha akaongoza masuala ya sheria katika Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 1976 aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama alikuwa mmoja wa waasisi wake mwaka 1967, ilivunjika. Pamoja nayo ilitoweka Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1979 Tanzania ikaanzisha Mahakama yake ya Rufani. Hivyo Warioba alikuwa mshauri mkuu wa Serikali kwa mambo ya sheria katika kipindi ambacho nchi ililazimika kujenga upya ngazi ya juu kabisa ya utoaji haki.

Njia iliyomfikisha kwenye ujaji ilianzia kwenye meza ya majadiliano. Katika miaka ya 1970 mataifa yalikuwa yakijadili nani ana haki gani baharini, na Warioba aliuongoza ujumbe wa Tanzania. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulisainiwa Montego Bay, Jamaika, Desemba 10, 1982. Tume ya maandalizi ya vyombo vya mkataba huo, ikiwemo mahakama yake, ilipoanza kazi mwaka 1983, Warioba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1985 aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais, nafasi alizozishika hadi mwaka 1990.

Mkataba ulianza kutumika mwaka 1994, na Oktoba 1996 majaji 21 wa kwanza waliapishwa mjini Hamburg, Warioba akiwa miongoni mwao. Sheria ya mahakama hiyo haimtaki jaji awe amewahi kuwa jaji nchini kwake. Inataka mtu anayesifika kwa kutopendelea na kwa uadilifu, na ambaye umahiri wake katika sheria ya bahari unatambulika. Hapo ndipo linapopatikana jibu la namna Wakili wa Serikali alivyofika kwenye kiti hicho bila kupitia Mahakama Kuu.

Shauri la kwanza la mahakama hiyo lilihusu meli iitwayo Saiga, iliyokuwa ikipeperusha bendera ya Saint Vincent na Grenadines. Guinea iliikamata mwaka 1997 baada ya kuuza dizeli kwa meli za uvuvi karibu na pwani yake. Katika hukumu ya Julai 1, 1999, mahakama iliamua kwamba Guinea ilikiuka haki za Saint Vincent na Grenadines na kuiagiza ilipe fidia. Kura katika hoja kuu zilikuwa 18 kwa 2, na Warioba alikuwa mmoja wa wawili waliotofautiana na wenzao, akaandika sababu zake. Mtu anaweza kukubaliana naye au la. Muhimu kwa msomaji ni utaratibu wenyewe: jaji hupiga kura kwa dhamiri yake, na anapotofautiana na wengi huweka sababu zake hadharani ili zipimwe.

Miaka hiyohiyo ilimweka pia upande wa pili wa meza. Aliposhindwa katika uchaguzi wa ubunge wa Bunda mwaka 1995, Warioba alipinga matokeo mahakamani akiwa mlalamikaji kama raia mwingine yeyote, na matokeo hayo yakabatilishwa. Kwa hiyo ni miongoni mwa wanasheria wachache waliowahi kuiwakilisha Serikali, kusimama wenyewe kama mdaawa, na kuketi kwenye jopo la majaji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofufuliwa kwa Mkataba wa Novemba 30, 1999, lengo la mbali lilitajwa kuwa Shirikisho la Kisiasa. Shirikisho hilo halijaundwa, lakini Mahakama yake ilizinduliwa Novemba 30, 2001 ikiwa na majaji sita, wawili kutoka kila nchi. Tanzania iliwakilishwa na Jaji Augustino Ramadhani na Warioba. Majaji huteuliwa na Wakuu wa Nchi, na hawawezi kukaa zaidi ya miaka saba. Mkataba unaruhusu uteuzi wa wenye sifa za kuwa majaji katika nchi zao, au wanasheria ambao umahiri wao unatambulika.

Kwa wakazi wa Mara, umuhimu wa Mahakama hiyo ulionekana dhahiri katika shauri la barabara ya Serengeti. Mwaka 2010 shirika la ustawi wa wanyama lenye makao yake Kenya lilipinga mpango wa kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, upande wa Mugumu kuelekea Loliondo. Juni 20, 2014, Divisheni ya Awali iliamua kwamba barabara ya lami ndani ya Hifadhi ingekiuka Mkataba wa Jumuiya, ikaizuia Serikali kutekeleza pendekezo hilo la awali. Warioba alikuwa amekwishaondoka katika Mahakama hiyo, lakini taasisi aliyoshiriki kuianzisha ilikuwa ikifanya kazi yake.

Mwananchi anapaswa kuelewa mipaka ya Mahakama hiyo. Siyo ngazi ya rufani kwa mgogoro wa shamba au mirathi ulioamuliwa Bunda au Butiama. Mashauri hayo hufuata ngazi za mahakama za nchi, zikiwemo Mahakama Kuu Kanda ya Musoma, ambayo imewapunguzia wananchi wa Mara safari za kwenda Mwanza, na Mahakama ya Rufani. Mahakama ya Afrika Mashariki hutafsiri Mkataba wa Jumuiya. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, kanuni, uamuzi au kitendo cha nchi hiyo kinachokiuka Mkataba, mradi afungue shauri ndani ya miezi miwili tangu kitendo hicho kifanyike au alipokifahamu. Wapo waliopoteza haki yao kwa kuchelewa.

Nchini, Katiba nayo imeacha wazi njia kati ya utumishi wa umma na ujaji. Chini ya Ibara ya 109, Rais humteua jaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na anayeteuliwa sharti awe na sifa maalumu kwa muda usiopungua miaka kumi, awe hakimu, wakili wa kujitegemea au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili. Jaji Dkt. Eliezer Feleshi alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka kabla ya kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, kisha Jaji Kiongozi, na mwaka 2021 Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Swali la awali sasa lina jibu. Ibara ya 107B inaagiza mahakama ziwe huru na zizingatie tu Katiba na sheria za nchi. Jaji huapa, husikiliza shauri hadharani, hutoa sababu za uamuzi wake, na hujitoa pale alipowahi kulishughulikia shauri hilo akiwa wakili. Mdaawa mwenye shaka ana haki ya kumwomba ajitoe, tena mapema kabla usikilizwaji haujaanza. Kinga hizi zina nguvu pale tu mwananchi anapozifahamu na kuzidai kwa wakati.