Lokesheni ya shamba: kwa nini mteja anapotea akija Loliondo

Swali ninaloulizwa sana siku hizi na vijana wanaouza maharage na mbuzi huku kwetu ni hili: nimemtumia mteja wa Karatu lokesheni, mbona bado amepotea?

Ndugu yangu, ramani ya simu inajua barabara ilipo. Haijui nani anaruhusiwa kupita. Ukiiambia ikutoe Karatu hadi Wasso, inaweza kukuchorea mstari wa kukatiza Ngorongoro na Serengeti. Mwenye gari atalipia getini apite. Wa pikipiki atageuzwa, maana pikipiki haziruhusiwi Hifadhi ya Serengeti, na mafuta yameshaungua. Njia yake ni Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, anapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Sale, halafu lami ya kilomita 49 mpaka Wasso. Weka pini kwenye vituo hivyo kimoja kimoja, ndipo simu itafuata njia unayoitaka wewe.

Mtandao nao unakatika njiani. Lakini GPS haili bando! Simu inapokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani. Ipakue kabla ya kutoka, ukiwa bado una mtandao mzuri. Chaji ijae. Na simu usiifunge kwenye usukani hivi hivi, mtikisiko wa pikipiki unaharibu kamera.

Sasa namba. Loliondo iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake inaanza na alama ya kutoa: -2.05 hivi. Mtu akinakili bila hiyo alama, simu itampeleka Turkana, Kenya, zaidi ya kilomita 400 kaskazini. Sicheki. Tena namba mbili tu baada ya nukta zinaweza kukuacha nusu kilomita kutoka shambani, na porini nusu kilomita ni korongo zima. Andika tano, utafika mpaka mlangoni.

Hili halihusu mauzo tu. Chanjo nyingi za mifugo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Barafu kwenye kibebeo inayeyuka wakati mtaalamu anazunguka akitafuta boma lako, na chanjo iliyopata joto ukimchoma ng'ombe ni sawa na kumchoma maji.

Mvua zikianza, mstari wa kwenye ramani usiuamini kabisa. Hauoneshi udongo mweusi wala korongo lililojaa. Simama, salimia wachungaji, uliza ng'ombe wamevukia wapi leo.

Na mteja akija na Fuso, mtumie pini ya njia panda kwenye barabara kubwa, siyo ya shamba. Mfuate hapo na pikipiki yako, umtangulie.