Kidonda Kisichouma

Kaswende huanza na kidonda kisichouma. Kwa mwanamke mara nyingi hujificha ukeni au kwenye mlango wa kizazi, na baada ya wiki chache hupona chenyewe, kwa dawa au bila dawa. Anajiona mzima. Bakteria wamebaki damuni, na akishika mimba wanaweza kupenya kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Ndiyo maana kliniki ya wajawazito haimsubiri mama alalamike. Kwenye hudhurio la kwanza muuguzi humchoma kidole, hudondosha damu kwenye kibao kidogo cha plastiki, huongeza maji maalumu ya kipimo, kisha husubiri dakika 15 hadi 20. Kipo kipimo kinachoonyesha VVU na kaswende kwa pamoja, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa wajawazito mwaka 2019. Hakidai mashine, hivyo hata zahanati isiyo na maabara inakimudu. Ila kinanasa kingamwili, nazo hudumu miaka mingi hata baada ya kupona. Kwa hiyo muuguzi makini humuuliza mama kama aliwahi kutibiwa kaswende.

Utafiti uliofanyika Mwanza, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2002 unapaswa kujulikana na kila familia. Kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakupimwa wala kutibiwa, robo walijifungua watoto wafu. Kwa wasio na kaswende, ilikuwa kama 1 kati ya 100. Waliopimwa, wakakutwa nayo, wakachomwa sindano moja tu ya penisilini ya benzathini, mimba zao ziliishia vizuri sawa na za wasioambukizwa. Sindano moja! Inaumiza sana kuona zahanati imeishiwa dawa hiyo.

Sindano ya mama peke yake nayo haitoshi: mume asipotibiwa, anaweza kumwambukiza tena.

Kisonono na klamidia, magonjwa mengine ya zinaa, bado tunazitibu kwa kufuata dalili, kwa sababu vipimo vyake ni ghali. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, kwa hiyo mpango huo unawaacha. Kwa kaswende hatuna kisingizio hicho. Kibao kile kile kinaweza kuwekwa kwenye chumba cha uzazi wa mpango, na pia kwa wagonjwa wa nje, ambako wanaume huja na homa au jeraha na kuondoka bila kuulizwa lolote.