Fundi, linda ubunifu wako kabla haujaigwa

JE, msomaji, umewahi kupita Kamukunji jijini Nairobi ukaona jinsi fundi akibuni kitu kipya leo, kesho jirani yake naye anakigonga?

Usimwite jirani huyo mwizi. Kama mwenyewe hakukiandikisha, ni vigumu sheria kumzuia.

Chukua mfano wa jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, ambalo lilianza kuenea nchini miaka ya 1980. Halikuwekewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi peke yake, na mafundi wa kila pembe wakaliiga. Nchi ilifaidika. Lakini kama ni wewe uliyekesha ukibuni chombo chako, bila shaka ungependa nawe ule jasho lako.

Wengi hudhani ulinzi ni wa maprofesa tu. Ni kweli kwamba hataza ina masharti magumu. Kitu lazima kiwe kipya, kiweze kuundwa au kutumiwa kazini, na kiwe na uvumbuzi ambao fundi mwingine mwenye ujuzi huo asingeufikia kwa urahisi. Sharti hili la tatu ndilo huwaangusha wengi.

Ndiyo sababu Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka wa 2001 ikaweka pia cheti cha modeli ya matumizi. Hapa masharti ni mawili tu: upya, na kufaa kazini. Ukibadilisha umbo la jembe au mpangilio wa vyuma vya mashine ya kukata nyasi, kikafanya kazi vizuri zaidi ya awali, unaweza kuomba.

Cheti hudumu miaka 10 wala hakiongezwi muda. Hataza hudumu miaka 20. Na ukiwa umeomba hataza ukaona mambo magumu, unaweza kuligeuza ombi lako liwe la modeli ya matumizi kabla halijaamuliwa.

Ombi hupelekwa katika Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, jijini Nairobi. Andika maelezo kamili ya jinsi chombo kinavyofanya kazi, weka michoro, kisha taja waziwazi ni sehemu gani unayodai kuwa yako. Chunga hapo, kwani usichokidai hakilindwi.

Je, tayari umekipeleka kwenye maonyesho? Usikate tamaa. Sheria yetu inakupa miezi 12 tangu ulipokionyesha. Ukichelewa, kitu chako si kipya tena hata kama ni wewe uliyekibuni. Nchi nyingine nyingi hazina huruma hiyo, kwa hivyo afadhali uandikishe kwanza, uonyeshe baadaye.

Ukishapata cheti, anayetaka kuunda chombo hicho humu nchini ni lazima apate ruhusa yako, nawe unaweza kumtoza malipo. Hiyo ni karo ya watoto.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.