Una miaka 45 na unatamani kukimbia tena? Anza na zahanati

Je, ulikuwa mkimbiaji shuleni? Wengi wetu tulikimbia peku kwenda na kurudi shule, na wengine tukafika hadi mashindano ya UMISHUMTA. Baadaye zikaja kazi, ndoa, watoto na bodaboda. Leo ukiwa na miaka 45 hamu inarudi. Ni hamu nzuri, kwani kukimbia husaidia kushusha presha na sukari, hupunguza uzito na huleta usingizi mzuri.

Tatizo ni haraka. Moyo na mapafu huanza kuzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli kwenye mifupa, huhitaji miezi. Ndiyo maana wengi wanaorudi mbioni huumia kisigino au goti wakati pumzi ndiyo kwanza imerudi.

Pima kwanza

Kama unaishi kijijini, tuseme Mlali wilayani Kongwa, pita zahanati au kituo cha afya upime presha na sukari. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, tibiwa kwanza. Unayetumia insulini au glibenclamide, muulize daktari wako kabla ya kuanza, kwa sababu sukari inaweza kushuka ukiwa njiani. Beba glukosi au sukari mfukoni. Ukitetemeka, ukitoka jasho jingi au ukihisi njaa ya ghafla, simama uile. Mwenye kisukari asikimbie peku. Kagua nyayo zako kila siku.

Ratiba

• Wiki ya 1 na 2: tembea haraka dakika 30, siku 3 kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati.
• Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8.
• Kuanzia hapo ongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo. Ukisikia maumivu yanayokufanya uchechemee, rudi nyuma.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako: kama huwezi kuzungumza na mwenzako, punguza. Toka alfajiri kabla jua la Dodoma halijawaka, na pendelea njia ya vumbi iliyo tambarare kuliko lami.

Je, magoti yatasagika? Kwa mwenye magoti mazima, kukimbia kwa kiasi hakujaonekana kuongeza hatari hiyo. Uzito mkubwa na majeraha ya zamani ndivyo vya kuhofia zaidi.

Mkumbuke Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma. Mwaka 1988 alikosa ushindi wa Boston kwa sekunde 1 tu. Mwaka 1989 akashika tena nafasi ya pili huko, na mwishoni mwa mwaka huohuo akashinda New York kwa saa 2:08:01. Kasi yake tumwachie mwenyewe. Tumuige uvumilivu.

Mzazi, toka na mwanao. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na wataiga wanachokuona ukifanya.

Simama mara moja na uwahi hospitali ukipata maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, kupoteza fahamu au pumzi kukata isivyo kawaida. Usisubiri kesho.