Mkorogo Ukikuunguza, Usitupe Kopo

Mara nyingi mtu akiunguzwa uso na mkorogo huona aibu, akatupa kopo na kunyamaza. Hapo amepoteza ushahidi. Kisheria, mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ameumia, na kwamba kilichomwumiza ni kile alichouziwa.

Kwa hiyo tunashauri aliyeko Vitongoji awahi hospitali ya hapo, aeleze kweli alichopaka, na maelezo yake yaandikwe. Kopo na risiti avihifadhi.

Kisha apeleke malalamiko kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwani vipodozi vimo katika sheria ya 2006. Fidia hudaiwa mahakamani. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi Chake Chake, hutoa ushauri.

Aliyeumia tusimcheke, tumsindikize.