Natumai barua pepe hii ‘inakupata vyema’? Salamu za ofisini na Kiswahili cha kukopa

Msomaji mmoja wa safu hii, karani katika ofisi ya umma, ameniandikia akiwa na dukuduku. Alimwandalia mkuu wake rasimu ya barua pepe ya kwenda idara nyingine, akaianza kwa maneno ‘Bi. Mkurugenzi, natumai hujambo’. Rasimu ikamrudia. ‘Hujambo’ limekatwa kwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa: “Hizi ni salamu za sokoni.” Mahali pake mkuu akatia: ‘Mpendwa Bi., natumai barua pepe hii inakupata vyema.’ Karani anauliza, kati yao wawili nani amepotoka? Anaongeza kwamba yumo katika muda wa majaribio kazini na hilo la ‘lugha ya sokoni’ limeingizwa katika ripoti yake.

Kwa hivyo si suala dogo. Hebu tulianze kwenye neno lenyewe lililokatwa.

Ukilipasua ‘hujambo’ unapata kiambishi ‘hu-’, kikanushi cha nafsi ya pili umoja, na nomino ‘jambo’. Kwa ukamilifu ni ‘huna jambo?’, yaani hakuna baya lililokusibu? Anayejibu ‘sijambo’ anasema hana jambo. Ndiyo maana kwa wingi tunapata ‘hamjambo’ na ‘hatujambo’, na ndiyo maana vilevile tunaambiwa mgonjwa ‘hajambo kidogo’ anapopata nafuu. Hili ‘jambo!’ tupu wanalorushiwa watalii hotelini ni kitu kingine kabisa, na huenda ndilo lililoichafulia jina salamu hii. ‘Hujambo’ lenyewe halina usoko wowote. Ni swali la kumjali mtu, na halibagui cheo.

Tatizo la kweli liko kwingine. Salamu ya Kiswahili huhitaji watu wawili walio pamoja. Mmoja huuliza, mwingine hujibu, kisha naye huuliza: hujambo, sijambo, habari za nyumbani, njema, za kazi, nzuri, watoto je, wazima. Ndipo mtu huvuta pumzi na kusema, “Basi, nina shida kidogo.” Anayeanza na shida moja kwa moja tunamwona hana adabu, hata kama shida yenyewe ni ya haraka. Lakini barua haingoji jibu. Salamu, shida na kwaheri vyote hufika kwa mpigo mmoja. Swali ‘hujambo?’ hubaki likining’inia hewani, na kabla msomaji hajalijibu tayari ameshaombwa ripoti ya bajeti. (Wapo wanaotuma ‘Hujambo?’ peke yake kwenye simu na kukaa kimya mpaka ujibu ndipo waseme shida. Kwenye simu huvumilika. Kwenye barua pepe ya ofisi ni kupotezeana siku.)

Waswahili waliandikiana barua zamani kabla ya ofisi zetu, na tatizo hili walilitatua. Barua za Kiswahili kongwe zinazotajwa sana na wataalamu ni zile za Kilwa za mwaka wa 1711, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, India. Mnamo 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo mzima wa maandishi ya Kiswahili ya hati hizo, barua zikiwemo. Mwandishi wa barua za aina hiyo hakuuliza kisha akangoja. Alianza kwa kumtaja mwandikiwa pamoja na heshima zake zote, akatumia neno kama ‘janabi’, akamtakia amani, ndipo akasema ‘wabaadu’, yaani ‘na baada ya hayo’. Hapo kila msomaji alijua kwamba salamu zimekwisha na shughuli imeanza. Mwishoni aliweza kutia ‘katabahu’, kwamba fulani ndiye aliyeiandika.

Hata barua za kirafiki tulizofunzwa shuleni zilikuwa na ujanja huohuo: ‘Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako.’ Angalia ufundi wake. Hakuna alama ya kuuliza, ila mwandikiwa anajua ameuliziwa hali. ‘Natumai hujambo’ ni mtoto wa ukoo huo. Swali limegeuzwa kuwa taarifa ili lisidai jibu la papo hapo. Karani wetu, kwa hivyo, alikuwa ameandika sentensi ya Kiswahili safi, na ya ofisini pia.

Sasa tuje kwenye sentensi ya mkuu. ‘Barua pepe hii inakupata vyema’ imefasiriwa kutoka kwa Kiingereza neno kwa neno, na imekwama njiani. Simaanishi kwamba kitenzi ‘kupata’ hakifai. Tunasema ‘salamu zako zimenipata’ na hakuna anayeshtuka. Kasoro imo katika ‘vyema’. Katika Kiingereza neno linalokaa mahali hapo linaeleza hali ya mtu, kwamba ni mzima. Katika Kiswahili ‘vyema’ ni kielezi, na kielezi hueleza kitenzi. Kwa hiyo tumesema kwamba barua yenyewe imetenda kazi ya kukupata kwa ustadi, kama jiwe lililorushwa likampata mtu barabara! Kumbuka pia kwamba mambo mengi yanayompata mtu katika lugha yetu si ya heri: ajali ilimpata, maafa yaliwapata, risasi ilimpata begani. Ukitaka kukishikilia kitenzi hicho, andika ‘natumai barua pepe hii itakupata ukiwa mzima’. Hapo afya imerudi kwa mwenyewe.

Na ‘mpendwa’ je? Neno hili ni nomino iliyotokana na kitenzi katika kauli ya kutendwa: mtu anayependwa. Kanisani linakaa vizuri, ‘wapendwa katika Bwana’. Katika barua kwa dada au rafiki linakaa vizuri zaidi. Lakini unapomwandikia msimamizi wa idara ya ununuzi ambaye hujawahi hata kumwona, ukilalamikia zabuni, huo upendo umeanza lini? Waingereza wanalo neno lao la kufungulia barua ambalo limechakaa kwa matumizi mpaka halina tena harufu ya mapenzi. Letu bado linanukia. (Najua, nasi wa magazetini humwita msomaji ‘mpenzi’ kila juma na hajapata kutushtaki. Hiyo ni mazoea ya safu, na msomaji wa safu hukutana nasi kwa hiari yake.)

Vitabu vyetu vya shule ya upili havina ‘mpendwa’ katika barua rasmi. Mwanafunzi hufunzwa kuandika ‘Kwa Bw.’ au ‘Kwa Bi.’, kisha ‘KUH’ au ‘MINT’ na mada yake. Swali la kwanza katika karatasi ya insha ya KCSE ni la lazima, na barua rasmi na barua pepe ni miongoni mwa tungo zinazoweza kutahiniwa hapo. Maana yake ni kwamba wengi wa makarani na wakuu wetu waliwahi kuijua kanuni hii, wakaiacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Sababu naiona. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila ofisi ziliendelea kuandika kwa Kiingereza. Siku anapolazimika kuandika kwa Kiswahili, mtu hushika barua yake ya jana ya Kiingereza na kuigeuza mstari kwa mstari.

Ukiondoa ‘mpendwa’, unaweka nini? Weka cheo au jina la heshima: ‘Bi. Mkurugenzi’, ‘Bw. Mwenyekiti’, ‘Daktari’, ‘Profesa’. Kenya tumemwachia mwanasiasa ‘Mheshimiwa’, ingawa neno lenyewe halikuzaliwa bungeni. Tanzania nao, katika enzi za Ujamaa, walimwita kila mtu ‘Ndugu’, na barua zao nyingi zikafungwa kwa ‘Wako katika ujenzi wa taifa’. Huku kwetu ukimwita mkurugenzi ‘Ndugu’ atadhani unatoka kijiji kimoja naye. ‘Mzee’ na ‘Mama’ ni za heshima kubwa ana kwa ana, lakini katika maandishi ya kazi si kila mama wa miaka 35 atafurahi.

‘Shikamoo’ nayo huniuliziwa. Salamu hii, ambayo asili yake huhusishwa na kushika miguu ya mkubwa, hudai jibu lake maalumu, ‘marahaba’. Pwani na Tanzania inaweza kufungua hata ujumbe wa kazi kwa mtu aliyekuzidi umri. Katika ofisi ya Nakuru au Kisumu, mwandikiwa anaweza kuhisi amezeeshwa. ‘Habari za asubuhi’ ina tatizo jingine: wewe unaandika saa mbili asubuhi, yeye anafungua saa kumi jioni. Salamu za dini, ziwe za Kiislamu au za Kikristo, ni njema kwa wanaojuana imani zao. Barua ya ofisi ya umma haijui imani ya mwandikiwa wake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa salamu ndefu hawatalipenda. Mwenzangu anayefanya kazi katika ofisi ya msajili wa chuo kikuu kimoja alinieleza kisa cha wanafunzi wawili waliokosa alama kwenye mfumo, juma moja kabla ya orodha ya mahafali kufungwa. Wa kwanza aliandika: ‘Maksi zangu hazionekani. Nataka zishughulikiwe leo.’ Hakuna salamu, hakuna jina la anayeandikiwa. Aliudhi watu, lakini chini aliweka nambari yake ya usajili, somo, na jina la mhadhiri. Wa pili alikuwa na aya nzima ya adabu: natumai u buheri wa afya wewe pamoja na jamaa yako yote, nasi huku tunamshukuru Mungu kwa uzima, naomba radhi kwa kukusumbua katika shughuli zako nyingi. Kisha: ‘naomba usaidizi kuhusu alama zangu.’ Nambari ya usajili hakuna. Somo hakuna. Anwani ya barua pepe ilikuwa ya jina la utani. Alijibiwa siku hiyohiyo aombe upya kwa maelezo kamili, naye akafungua jibu baada ya siku tano, orodha ikiwa imefungwa. Wa kwanza alivaa joho. Wa pili alingoja mahafali ya mwaka uliofuata, na kazi aliyokuwa ameahidiwa haikumngoja.

Sasa, wa kwanza asipigiwe mfano. Mwenzangu alikiri kwamba barua yake ilikaa siku mbili kwa sababu kila aliyeisoma aliisukuma kwa mwingine. Mstari mmoja wa salamu ungemtosha, na wa pili naye mstari mmoja ungemtosha. Adabu ya Kiswahili hubisha hodi, huitikiwa karibu, kisha huingia ndani. Haikai mlangoni hadi jua lizame.

Tena, adabu yetu haiishi katika ufunguzi pekee. Iko ndani ya kitenzi. ‘Nitumie ripoti’ ni agizo. ‘Tafadhali nitumie ripoti’ ni agizo lililofungwa utepe, na likitumwa na mkubwa kwa mara ya tatu hugeuka kuwa onyo. ‘Naomba unitumie ripoti’ ni ombi, kwa sababu mwandishi amejitia yeye kwanza katika nafasi ya mwombaji. Wakenya tunasutwa na majirani zetu wa Tanzania kwa kuingia hotelini na kusema ‘nipe chai’ ilhali wao ‘wanaomba’ chai, na hapa sioni sababu ya kujitetea. Afadhali barua isiyo na ‘natumai’ yoyote lakini iliyosema ‘naomba’, kuliko ile yenye salamu tatu na ‘nataka’ moja.

Mwisho wa barua pepe ndiko vioja vimejaa. ‘Tafadhali pata kiambatisho’: kwani kimepotea? Sema ‘nimeambatisha ripoti’. ‘Usisite kuwasiliana nami’: Mswahili husema ‘ukiwa na swali, niulize’ au ‘niandikie wakati wowote’. ‘Naangalia mbele kusikia kutoka kwako’ sina la kulisemea, ila kwamba ‘nasubiri jibu lako’ ni maneno matatu tu. ‘Asante mapema’ nayo ni dada ya hizo. Tunayo ‘natanguliza shukrani’, yenye picha nzuri ya shukrani inayotembea mbele ya jambo lenyewe. Itumie unapoomba kitu ambacho mtu ana hiari ya kukikataa. Ukimtangulizia shukrani mtu kwa kazi ambayo bado hajaikubali, umemfungia mlango wa kusema hapana.

‘Wako mwaminifu’ imetokana na barua za Kiingereza, lakini imekaa nasi muda mrefu na shule zimeifunza vizazi kadhaa, siifukuzi. Kwa barua rasmi ya kwanza, ya kuomba kazi kwa mfano, iache. Kwa barua pepe ya tano katika mazungumzo yaleyale inazidi uzito, na hapo ‘Wasalaam’ na jina lako vinatosha. Ikiwa mnaandikiana mara nne kwa asubuhi moja, huhitaji kusalimu upya kila mara. Salimu katika ile ya kwanza.

Na akikuandikia mtu ‘Hujambo?’, hata kama unajibu kuhusu bajeti iliyochelewa, anza na ‘Sijambo, asante’, kisha uende kwenye bajeti.