Shamba la Anathothi: Hukumu, Uhamisho na Tumaini katika Kitabu cha Yeremia

Aghalabu Yeremia hutajwa kuwa nabii wa machozi, na si bure. Kwa takribani miaka 40 aliwaonya watu wa Yuda kuhusu maangamizi yaliyowakabili. Mnamo 597 KK Mfalme Yehoyakini alichukuliwa mateka Babeli pamoja na wakuu na mafundi. Miaka kumi hivi baadaye Yerusalemu iliteketezwa, hekalu likiwemo. Msomaji mwenye haraka huenda akakifunga kitabu papo hapo.

Hata hivyo, sura ya 32 ina tukio dogo linalopindua usomaji huo. Mji umezingirwa. Yeremia mwenyewe yumo kifungoni kwa amri ya Mfalme Sedekia, kosa lake likiwa kutabiri ushindi wa adui. Ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, anapomjia akimtaka anunue shamba huko Anathothi, karibu na Yerusalemu. Nabii anampimia shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi. Hati zinaandikwa, moja ikitiwa muhuri na nyingine ikiachwa wazi, kisha Baruku anaamriwa kuzihifadhi katika chombo cha udongo. Kinaya kilichoje! Aliyetangaza kuanguka kwa nchi ndiye anayenunua ardhi yake.

Hapa lugha yastahili kuangaliwa kwa makini. Haki anayoitumia Yeremia ni ile ya jamaa kukomboa ardhi ya ukoo. Mzizi uo huo wa Kiebrania umetumika katika sura iliyotangulia, pale Mungu anapomkomboa Yakobo. Kiswahili kinauhifadhi uhusiano huo bila taabu, kwani 'kukomboa' huhusu mali iliyowekwa rehani na pia watu waliotekwa. Ununuzi huo, basi, si pambo la hotuba. Ni tendo la kisheria lenye hati na mashahidi.

Wala tumaini hilo halikuwa rahisi. Hanania alipoahidi kwamba mateka wangerudi baada ya miaka 2, Yeremia alimpinga. Barua yake kwa wahamishwa ilitaja miaka 70. Wajenge nyumba, walime bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka. Koreshi wa Uajemi aliitwaa Babeli mnamo 539 KK, na baadhi ya wahamishwa wakarejea. Yeremia hakuwamo. Wenzake walikuwa wamemchukua hadi Misri, na kitabu hakisemi popote kwamba aliwahi kulilima shamba lile.